Bibi wa Juu na Dume wa Pembe Moja na Nusu

Katika miaka yote niliyomjua, sikumwona amekaa. Alikula wima, sahani ya ugali kiganjani. Uji aliunywa akitembea. Ukimsogezea kigoda alikushukuru, akakisukuma pembeni kwa mguu, akaendelea kusimama, jicho moja kwako na jicho jingine kwenye mawe walikokuwa kondoo wake. Mimi mwenyewe si mtu wa kukaa, wanaonijua watawaambia. Miguu hii ndiyo iliyonitoa kwenye kubeba ng'onda, samaki waliokaushwa, kichwani mpaka nikawa mtu anayeulizwa kwa jina kuanzia Kinjumbi hadi Kiswere. Lakini mbele ya yule bibi hata mimi nilionekana mvivu.

Tulimwita Bibi wa Juu kwa sababu nyumba yetu ilikuwa chini ya mlima na yake ilikuwa juu, pale ambapo vilima vya Umatumbi vinaacha udongo na kuwa mawe matupu. Alikuwa jirani, si ndugu. Jina lake nalijua, ila hakupenda litajwe ovyo, nami sitalitaja. Shida yake duniani ilikuwa moja, na nitaisema mapema ili msihangaike kuitafuta: alitaka kondoo wa mlimani wasiishe. Mume alikuwa amekufa, binti zake wameolewa mbali, yeye akabaki na wale kondoo na hofu hiyo. Aliamka nayo na kulala nayo.

Mimi niliishia darasa la pili. Ninayoyajua nimeyajua kwa macho na kwa miguu, na katika mambo ya kondoo hakuna aliyenifundisha isipokuwa yeye. Watu wakiniuliza nilianzaje huwa nasema nilianza na mikono mitupu. Ni kweli, lakini kuna kipande huwa nakiruka. Leo sikiruki.

Kwanza muwajue kondoo wenyewe, maana bila wao yule bibi hasimuliki. Kwetu ng'ombe hakai, mbung'o wanammaliza. Tuna kuku, tuna mbuzi, na huko juu tuna kondoo. Si mkubwa. Ukimsimamisha karibu na kondoo wa wafugaji wa bara utacheka. Mfupi, manyoya mafupi kama ya mbwa, rangi ya udongo mwekundu, wengine na baka jeupe kwenye paji la uso. Mkia una mafuta lakini hauburuzi chini. Ila tazama kwato: nyembamba, nyeusi, ngumu kama jiwe la kunolea kisu. Na dume ana pembe. Zinatoka nene kama kifundo cha mkono, zinarudi nyuma, zinazunguka sikio, kisha ncha zinachungulia mbele usoni kama kilemba ambacho mwenyewe hajamaliza kukifunga.

Kiangazi, visima vya bondeni vikitoa tope, wale walilamba umande wa alfajiri wakatosheka. Walikula vichaka ambavyo hata mbuzi anavipita. Jike alizaa peke yake kwenye mapango, na jioni akarudi na mtoto anamfuata nyuma. Chui akija, mbuzi hupiga kelele akakimbia. Kondoo wa mlimani anapanda juu ya jiwe, anamgeukia, anapiga mguu chini. Nimeona kwa macho yangu. Chui alimtazama, akaenda zake kutafuta mbuzi.

Bibi wa Juu alinifundisha kumkagua kondoo kwa mpango wake. Miguu kwanza, halafu mgongo, halafu mkia. Pembe mwisho kabisa. Mtu anayeanza na pembe, alisema, huyo anatafuta karamu, hatafuti kondoo.

Na kwake hakikutupwa kitu. Mafuta ya mkia aliyayeyusha akayaweka kwenye kibuyu, na kila mtoto aliyezaliwa msimu wa baridi alipakwa kifuani, awe wa Mwislamu au wa wale Wakatoliki wa ng'ambo ya kilima. Wanaume walipaka visigino vilivyopasuka. Ngozi alizilainisha mwenyewe, na shehe wetu aliswalia mojawapo mpaka ikatoboka kwenye magoti. Mhunzi alichukua nyingine kwa mivukuto yake. Pembe ndogo zilikwenda kwa fundi wa kuumika damu, zile nyingine wazee walitilia ugoro. Samadi ilishuka kwetu, kwenye tumbaku. Mimi niliyekuwa nikipanda na ng'onda kutoka Kinjumbi nilishuka na mafuta na tumbaku, na hapo ndipo biashara yangu ilipoota meno.

Yeye mwenyewe hakula nyama ya kondoo hata kipande. Alifuga maisha yake yote, akagawa, akapikia wageni, lakini mdomoni hakutia. Nilimuuliza sababu, akaniambia ni jino. Mke wangu akaambiwa ni nadhiri. Shehe akaambiwa ni tumbo. Bwana mifugo mmoja aliyepanda na kofia yake na daftari aliulizwa na Bibi, "Kwani wewe, baba, jirani zako huwa unawala?" Akaandika kitu kwenye daftari. Sijui aliandika nini.

Alikuwa mwongo, hilo lisemwe. Alichukia uongo wa watu wengine, hasa wa wanaume wanaosema watarudi kesho, lakini wa kwake aliutumia kama chumvi. Kondoo wake hakuwahesabu kamwe, aliamini ukiwahesabu unawaonyesha mlango. Jioni alisimama kwenye kizizi, akapitisha mkono juu ya kila mgongo unaoingia, na kama mmoja amekosekana alijua, akaenda kumtafuta bila kumuuliza mtu. Siku moja alikuja karani kutoka wilayani kuorodhesha mifugo. Bibi akamwambia kondoo wote wale ni wa jirani wa chini, yeye anawatunzia tu. Karani akashuka kwetu. Baba yangu akaniangalia, mimi nikamwangalia baba. Ndivyo nilivyokuwa mwenye kondoo kwa mara ya kwanza maishani, kwa muda wa nusu saa.

Sasa nije kwenye Idi, maana ugonjwa wote ulikuwa hapo.

Kila ilipokaribia Idi kubwa, wanaume walipanda kuchagua dume wa kuchinja. Nami nilipanda, tangu nilipoanza kuota ndevu. Na watu wetu, jamani, kwa mambo ya pembe hawana masihara. Mnyama wa Idi lazima awe na pembe mbili, kamili, mpaka ncha. Shehe alitueleza zaidi ya mara moja kwamba pembe iliyovunjika kidogo haiharibu dhabihu, kinachoharibu ni ugonjwa, upofu, kuchechemea, kukonda mpaka mifupa. Tukasema, ndiyo, shehe, tumekuelewa. Kisha tukapanda mlimani tukachagua pembe. Mtu angeonaje haya kumtolea Mungu kitu kilichomeguka, na jirani yake amesimama na dume mwenye kilemba kizima?

Hebu fikirieni maana yake. Kila mwaka tulipanda, tukatafuta dume mzuri kuliko wote, tukashuka naye, tukamla. Mwaka unaofuata tukatafuta mzuri kuliko waliobaki. Watu wa vilima vya jirani walifanya hivyo hivyo, na kondoo wao wakawa wadogo, wadogo, mpaka wakafanana na sungura, mpaka wakaisha. Watu wakasema ni jicho baya. Kwa Bibi wa Juu tu hawakuisha, na hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Kitu kimoja tulikiona tukakicheka. Kwake hakukosekana dume mmoja mwenye pembe ya kushoto iliyomeguka ncha. Akifa huyo, hutokea mwingine vilevile. Tuliwaita Pembe Moja na Nusu, baba na mwana na mjukuu. Wengine walisema pale kwake pana jini. Wengine walisema mwanamke hajui kutunza dume, anawaacha wanagonga mawe. Mimi ndiye niliyecheka zaidi, maana nilikuwa na sauti kubwa na nilijua kuigiza. Nilikunja mkono mmoja kichwani kama pembe nzima na mwingine nikaukata kwenye kiwiko, watu wakashika mbavu. Naye Bibi alisimama pale akicheka pamoja nasi.

Ulipokuja Uhuru, wazee walipanda kumwomba dume wa sherehe. Tulitegemea ugomvi. Akatoa, tena dume mwenye pembe ambazo baadaye zilifungwa kwenye mlingoti wa bendera mpya zikakaa huko mpaka zikawa nyeupe. Nilimuuliza mbona amekubali upesi. Akasema, "Pembe zake zilikuwa nzuri mno." Nikadhani anasifu.

Miaka ikaenda, tukafika kwenye vijiji vya ujamaa. Wengine mnajua ilivyokuwa. Tuliambiwa tushuke wote, tukae kwa mistari kandokando ya barabara, upande wa kuelekea Tingi, tuwe na shule na zahanati na shamba la pamoja. Sisemi lilikuwa wazo baya. Shule ipo, wanangu wameisoma. Lakini watu waliacha mikorosho yao iliyoanza kuzaa, na paa la Bibi wa Juu lilishushwa na mgambo wakati yeye amesimama mlangoni na sahani ya kisamvu mkononi. Akamaliza kula kwanza. Kisha akawaambia mgambo wasivunje boriti, boriti zile bado zina kazi.

Mimi nilichaguliwa mwenyekiti wa kamati ya mifugo. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na miguu, na jina langu niliweza kuliandika lote. Mifugo yote ilikusanywa kwenye zizi moja bondeni, pembeni ya bwawa la matete ambako bwana mifugo alisema majani hayakauki. Tukaletewa dume la mbegu kutoka mbali, jeupe, refu, lisilo na pembe hata moja. Lilisimama katikati ya kondoo wetu kama mzungu sokoni. Nilijivuna nalo. Nilitembea nalo kwa kamba mpaka barabarani ili wapita njia walione.

Siku ya kufungua kijiji alikuja mkubwa wa serikali. Ikabidi tuchinje, na kamati yangu ikachagua. Nilisimama mlangoni mwa zizi, madume wakaletwa mmoja mmoja, nami nikawa nasema huyu, huyu, huyu. Wote wenye pembe kamili. Wawili walichinjwa siku ile, na wengine nikawatenga kwa ajili ya Idi, ambayo ilikuwa karibu. Nilifanya kazi hiyo vizuri kabisa. Jicho langu halijawahi kukosea mnyama mzuri.

Mwisho akaletwa Pembe Moja na Nusu wa wakati ule. Bibi wa Juu alikuwa amesimama upande, amejifunga kaniki. Nyuma yake walikuwa majike sita, na wote walikuwa wakichechemea. Nikauliza wana nini. Akasema bondeni hapa pamewashinda, miguu inauma, hawa ni wa kufa tu. Watu wote walikuwa wakinitazama, mkubwa naye amekaa kwenye kiti chake. Nikapata la kuchekesha.

"Huyo kilema," nikasema. "Mwacheni Bibi akacheze naye. Na vilema wenzake."

Watu wakacheka. Mkubwa akacheka. Bibi wa Juu akainamisha kichwa.

"Ahsante, baba," akasema. "Mungu akuongezee."

Nikaweka jina langu kwenye karatasi kwamba wale saba wameondolewa kwenye hesabu ya kijiji kwa ubovu. Alasiri ile akaondoka nao, akapandisha. Hakuna aliyemzuia. Bibi kizee na mizigo yake ya vilema, nani ahangaike naye?

Ikaja masika. Mvua ilipiga, bonde likawa maji. Zile kwato zilizozoea mawe zikalainika kama muhogo uliolowekwa, zikaoza katikati, kondoo wakapiga magoti kula. Kupe wakawajaa masikioni. Bwana mifugo akaja na dawa ya bluu, tukapaka, wakafa wakiwa wa bluu. Jeupe letu lilianza kukohoa mwezi wa kwanza wa mvua na halikunyamaza mpaka siku lilipolala. Jogoo wa kwanza nilikuwa zizini, jua la saa sita nilikuwa zizini, nikiburuta mizoga. Nilikuwa nimewaahidi watu nyama kila Ijumaa. Mpaka mvua zinakatika, zizi la pamoja lilikuwa na mbuzi tisa na mimi. Kamati ikapata mwenyekiti mwingine.

Nilihangaika miaka miwili. Nilibeba ng'onda tena, kichwa changu kikakumbuka kazi yake ya zamani. Siku moja nikapanda kutazama mikorosho ya marehemu baba, kama nyani wametuachia chochote, na nilipofika juu nikasikia kwato kwenye mawe. Unajua sauti ile? Kama mtu anayegonga kucha kwenye sahani. Nikainua macho. Walikuwa kwenye mawe kila upande, wekundu, wanene, na katikati yao yeye, wima, mkononi ana muhogo wa kuchoma. Paa lilikuwa limerudi juu ya zile boriti.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umekuja kuchagua?"

Nikasema sikuja kuchagua, mimi sina kamati tena. Akanipa nusu ya muhogo. Nikala huku nikiwatazama, nikaona kitu. Kulikuwa na madume wadogo wanne. Wawili pembe zao nzima. Wawili, na ndio waliokuwa na miguu mizuri na migongo mipana, pembe ya kushoto ilikuwa imefungwa kamba ya magome, imekazwa karibu na ncha. Nikatazama kamba. Nikamtazama yeye.

"Bibi, ni wewe?"

"Pembe nzima zinaliwa, baba," akasema.

Basi akanieleza, na alieleza kama anavyoeleza kupika. Dume mdogo akishaonyesha kwamba atakuwa bora, unamfunga ile kamba ikiwa mbichi. Inakauka, inabana. Kila siku unakaza kidogo. Siku ya saba au ya nane unagonga ncha kwa jiwe, inatoka, wala hatoi damu ukijua mahali pa kugonga. Amekuwa kilema. Hakuna atakayemtaka Idi, hakuna atakayemtaka kwa sherehe, atabaki mlimani kazi yake azae. Wale wanaobaki na pembe nzima ni wale ambao yeye amekubali waliwe. Miaka yote hiyo tulipanda na vifua mbele kuchagua aliye bora, na yeye alikuwa ameshachagua kabla yetu. Wale majike sita nao? Aliwatia kokoto katikati ya kwato asubuhi ile, akazitoa walipofika kwenye kona ya kwanza.

Nilikuwa na hasira, nami nikikasirika natafuta dini. Nikamwambia, lakini Bibi, huko si kumdanganya Mungu, kumpa cha pili na kuficha cha kwanza?

Hakuudhika. Aliniangalia kama anavyomwangalia kondoo, kuanzia miguuni. "Nyama tunakula sisi, baba," akasema. "Yeye anapokea nia. Na nia yangu ni kwamba mwakani pia pawe na cha kuchinja."

Nikaomba aniuzie. Akakataa, hakuwahi kuuza kondoo kwa mtu. Nikaomba tena, nikashuka, nikapanda siku iliyofuata, na iliyofuata. Siku ya nne alinikabidhi majike wawili na dume mmoja mwenye kamba kwenye pembe. Akasema hanipi, anawaweka kwangu tu, na kwamba kamba ile nisiifungue, niikaze.

Hicho ndicho kipande ninachokiruka. Mengine yote ni yangu. Nimelala mawe, nimeswaga kondoo kwa miguu mpaka Kiswere na kurudi, wameniita mlanguzi, wamenifunga siku mbili kwa kuuza nyama bila kibali, nikatoka nikaendelea. Leo nina zizi juu na zizi la kupumzikia karibu na Tingi. Ukitaka dume wa Idi katika pwani yetu hii utaelekezwa kwangu. Wasomi wenye vyeti wananisubiri barazani kwangu.

Ila kwa miaka mitatu sikufunga kamba hata moja. Mwanzoni nilifunga kila mwaka, kama alivyoniagiza. Halafu nikaanza kujulikana, na anayejulikana anaulizwa kila siku: una dume mwenye pembe? Nilikuwa naye. Nikampeleka. Nikasema nitamfunga wa mwakani, na wa mwakani akawa mzuri zaidi, na mtu mkubwa zaidi akamtaka. Nikaona wana-kondoo wanazaliwa wembamba. Nikasema ni kiangazi. Nikaona jike amekimbia mbwa. Mbwa tu! Nikasema ni huyo jike. Usingizi ukaanza kunisumbua, nikawa natembea kutoka zizi la juu mpaka la chini bila kazi.

Mwaka jana, siku chache kabla ya Idi, nilimshusha dume ambaye sijawahi kuwa na mfano wake. Miguu, mgongo, mkia, vyote. Pembe zilizunguka sikio zikarudi mbele, ncha mbili sawasawa. Alikuwa wa mwisho wa namna yake, hilo nilikuwa nalijua, watoto wake bado walikuwa matumboni na huenda wasifanane naye. Bwana mmoja mkubwa wa Lindi alikuwa ameagiza pembe, na gari lake lilinisubiri barabarani. Njia ya kushuka inapita kwa Bibi wa Juu. Iko njia nyingine. Sijui kwa nini sikuishika.

Macho yake yalikuwa yamekwisha. Mpwa wake, mwanamke mtu mzima anayekaa naye siku hizi, alikuwa anachambua mbaazi uani. Bibi alikuwa wima, ameshika boriti ya mlango. Alisikia kwato kabla sijapiga hodi.

"Ni wetu huyo," akasema. "Mlete."

Nikamwamkia, akaitikia, lakini hakuniuliza habari. Akapapasa. Miguu, mguu baada ya mguu, kidole kikipita katikati ya kwato. Mgongo. Mkia akaupima kwa kiganja. Uso wake ukafunguka, sijawahi kumwona vile. Akanong'ona kitu kwa Kimatumbi, majina ya madume waliokufa zamani, baba wa babu wa huyu. Ndipo mikono ikapanda kwenye pembe ya kushoto, ikaifuata taratibu, ikaizunguka, ikafika kwenye ncha. Ikasimama.

"Mzima," akasema.

"Ndiyo, Bibi."

"Na ndugu zake?"

"Wazima vilevile."

"Wako wapi?"

Nikatazama njia ya barabarani. Mpwa wake akaacha kuchambua mbaazi.

"Wewe nani?" Bibi akauliza.

Nikamtajia jina langu lote, lile ambalo watu wanalijua hadi Lindi mjini. Akatikisa kichwa, halimwambii kitu. Nikamtajia jina la baba. Hata hilo. Nikasema, mimi yule wa kamati, Bibi, siku ya kufungua kijiji.

"Ah," akasema. "Aliyeniachia kilema."

Akacheka kidogo, akamwambia mpwa wake kwamba huyu ndiye yule anayemwombea dua. Mpwa akanitazama, akasema miaka yote anamsikia Bibi akimwombea mtu huyo, mtu aliyemwachia kilema, ila hakujua ni nani wala kama ni mtu wa kweli. Nikaona aibu. Kati ya mambo yote niliyoyafanya kwa jasho langu, alikuwa ameshika lile moja nililolifanya kwa mzaha.

Halafu akaacha kucheka. Mkono wake ulikuwa bado kwenye ncha.

"Watu wa bondeni waliwamaliza kondoo kwa masika moja," akasema. "Wewe unawamaliza taratibu."

Nikasema gari linanisubiri. Akasema basi niende, nisimcheleweshe mwenye gari.

Nikashuka. Nilitembea haraka, dume ananiburuta. Mahali ambapo mawe yanaisha na udongo unaanza, nikamfunga kwenye mzizi. Nilisimama pale, nikakaa, nikasimama tena. Honi ililia huko barabarani. Sikuwa na kamba ya magome wala siku saba. Nilikuwa na jiwe, na nilijua mahali pa kugonga. Mara ya kwanza niligonga kwa woga. Mara ya pili ncha ikatoka, ikaruka kwenye majani. Dume akatikisa kichwa, akanitazama, akarudi kula.

Dereva alipomwona alimzunguka mara mbili. Akasema mzee, bwana ameagiza pembe, na huyu ana kilema.

"Ndiyo," nikasema. "Kilema. Mwacheni."

Akaondoka kwa hasira, na yule bwana hajanunua kwangu tena, wala marafiki zake. Vumbi lilipotulia nikapandisha. Jua lilikuwa bado liko juu. Bibi wa Juu alikuwa pale pale mlangoni, na safari hii hakuuliza ni nani. Nikamsogezea kichwa cha dume. Akapapasa kulia. Akapapasa kushoto, akafika mahali palipomeguka, akapagusa kwa kidole gumba, akarudia, kama mtu anayekagua mshono.

Kisha akamuuliza mpwa wake kama kuna mkeka karibu. Ukaletwa, ukatandikwa kivulini. Bibi wa Juu akashika bega langu, akakunja goti moja, akakunja la pili, akakaa.